Stika za sakafuni kwa maduka, benki, hospitali na maghala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye duka, meneja wa tawi, msimamizi wa jengo au mtu wa masoko anayetaka kutumia sakafu kuelekeza wateja au kutangaza bidhaa. Majibu yamezingatia hali zetu: marumaru na joto la Dar es Salaam, terazo za majengo ya zamani ya Posta, saruji ya maghala, unyevu wa Mombasa na Unguja, baridi ya Juni na Julai ya Nairobi, Arusha na Iringa. Tunaanza na usalama wa miguu na hali ya sakafu, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Picha inakuja baadaye.

Stika ya sakafuni ina tofauti gani na ya ukutani au ya gari?

Ina tabaka mbili. Chini kuna vinaili iliyochapishwa, yenye gundi mgongoni. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 80 na 100. Juu yake hubandikwa lamineshani ya sakafu, plastiki ngumu yenye vipele vidogo vinavyoshika soli ya kiatu na kuulinda wino usisuguliwe. Lamineshani ya gari au ya ukutani ni laini, inang'aa, na haikutengenezwa ili ikanyagwe. Kwenye kompyuta ya mbunifu kazi hizo mbili haziwezi kutofautishwa. Maji yakimwagika juu yake, moja inamwangusha mtu.

Zipo pia vinaili za tabaka moja ambazo uso wake umetiwa vipele kiwandani, zikachapishwa moja kwa moja bila lamineshani. Zinafaa kwa promosheni ya wiki chache ndani ya jengo. Kwa kuwa wino unabaki wazi juu, usizitarajie zidumu msimu mzima penye watu wengi.

Nitajuaje kwamba stika niliyouziwa haitelezi?

Usitosheke na kuipapasa kwa kidole. Mwombe mchapaji karatasi ya maelezo ya bidhaa kutoka kiwandani, ile inayotaja jina la vinaili, jina la lamineshani na kipimo cha kuteleza. Kuna vipimo kadhaa utakavyokutana navyo. Kwenye bidhaa za Uingereza kuna kipimo cha pendulo: kuanzia 36 kwenda juu hatari ya kuteleza inahesabiwa kuwa ndogo, 25 hadi 35 ni ya wastani, na chini ya 25 ni kubwa. Hakikisha namba unayosomewa ilipimwa uso ukiwa umelowa, kwa sababu karibu kila kitu kikiwa kikavu kinafaulu. Bidhaa za Ujerumani hutaja herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13. Hapo mtu aliyevaa viatu maalumu hutembezwa juu ya ubao uliopakwa mafuta, ubao ukaongezwa mwinamo hadi atakapoanza kuteleza; R9 ndiyo ya chini kabisa. Za Marekani mara nyingi hutaja UL 410, kiwango chao cha kupima kuteleza.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kipimo ni cha lamineshani ikiwa mpya. Vipele vinalika. Stika iliyokaa miezi mingi mlangoni inaweza kuwa na rangi nzuri bado huku uso wake umekuwa laini kama sahani. Hiyo inatolewa, hata kama tangazo halijaisha muda wake.

Nimepewa bei nafuu zaidi nikitumia benna na tepu ya pande mbili, au stika ya kawaida yenye lamineshani ya kung'aa. Kuna ubaya?

Ndiyo, mkubwa. Benna haikushika sakafu mwili mzima. Imeshikwa pembeni tu. Hewa inabaki chini yake, inajikunja watu wanapopita, na ukingo wake ni mnene kiasi cha kunasa kisigino au gurudumu la toroli. Stika ya kawaida yenye lamineshani ya kung'aa ina hatari ya namna nyingine: iko sawa hadi mvua ya kwanza, wateja wanapoingia na viatu vilivyolowa. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, mlango wa duka la Kariakoo haukauki mchana kutwa.

Kama bajeti ni ndogo, punguza ukubwa au idadi ya stika. Usipunguze kwenye lamineshani. Stika nne nzuri mahali panapofaa zinafanya kazi kuliko kumi za kubahatisha. Mteja anayeanguka anaweza kuvunjika nyonga, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003 kwa Tanzania na ya mwaka 2007 kwa Kenya, inamtwika mwenye eneo wajibu wa kuliweka salama.

Je, sakafu yangu inafaa?

Hili ndilo swali la kuuliza kwanza, kabla ya kumwita mbunifu.

Marumaru laini za porselini ndizo rahisi kuliko zote. Gundi inashika vizuri, na siku ya kutoa stika haziachi kovu. Marumaru zenye mikunjo au vipele vya mapambo zinapunguza eneo linaloguswa na gundi. Stika itashika vilele tu na kuacha mabonde. Terazo inafaa ikiwa imesuguliwa vizuri, ila majengo mengi ya zamani huipaka polishi au nta mara kwa mara. Tabaka hilo la nta ndilo stika itakaloshika, na itabanduka pamoja nalo. Ni lazima nta itolewe kwanza mahali hapo, na msimamizi wa jengo akubali kabla.

Saruji iliyosuguliwa na kupakwa rangi au siala (dawa ya kuziba vinyweleo) inafaa ikiwa rangi yenyewe imeshika. Saruji tupu inatoa vumbi, na gundi ikikutana na vumbi haina cha kushika. Sakafu mpya ya zege iachwe angalau siku 28 ikomae, kisha ipimwe unyevu. Epoksi mpya, ile rangi nzito ya sakafu inayomiminwa, nayo isiguswe mpaka aliyeimimina aseme imekauka kabisa. Kukauka kwa kukanyagwa na kukauka kwa kubandikwa stika si kitu kimoja.

Sakafu za PVC na za mpira zina tatizo lisiloonekana kwa macho. Ndani yake kuna mafuta ya kulainishia plastiki, na mafuta hayo hupanda taratibu hadi kwenye gundi. Baada ya muda gundi inalegea au inageuka uji. Jaribu kipande kidogo kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua. Zulia linahitaji stika yake maalumu yenye gundi kali, na manyoya ya zulia yawe mafupi. Mbao ambazo hazijapakwa vanishi tunakushauri uziache: nyuzi zitang'oka na stika.

Kwa wenye hoteli na maduka ya Mji Mkongwe, Zanzibar: sakafu za zamani za chokaa zinavuta na kutoa unyevu, na uso wake ni dhaifu. Usibandike gundi juu yake. Tumia mkeka mzito uliochapishwa, wenye mpira chini, unaolazwa na kunyanyuliwa. Mji huo umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sakafu ya miaka mingi ikibanduka hairudishwi kwa saruji.

Naweza kuipima sakafu mwenyewe?

Unaweza, na vifaa ni vya dukani. Kwa unyevu, chukua kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kilaze juu ya zege, uzibe pembe zote nne kwa tepu pasipo mwanya. Kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka chini na stika haitakaa.

Kwa gundi, mwombe mchapaji ukanda wa vinaili ileile itakayotumika, upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri moja. Safisha sehemu, bandika, subiri siku nzima, kisha uvute taratibu. Ukitoka bila upinzani, au ukitoka na vumbi, rangi au nta mgongoni, umeshapata jibu lako kwa gharama ya ukanda mmoja.

Ni vitu gani visichapwe kwenye kitu kitakachokanyagwa?

Swali hili linasahaulika ofisini na linakumbukwa siku ya uzinduzi, wateja wanapoanza kulalamika. Maneno ya dini hayaendi chini ya miguu. Jina la Mungu, aya, "Bismillahi", "Ramadhani Karim" iliyoandikwa kwa Kiarabu, msalaba, picha ya msikiti au kanisa: vyote hivyo vina ukuta, kioo na kaunta. Promosheni ya mwezi wa Ramadhani inaweza kuwa na stika ya sakafuni yenye mishale, tende na punguzo la bei, na salamu zikapandishwa juu. Pwani yote inalielewa hili, na ukituma kazi Muscat au Dubai utaulizwa hilohilo.

Bendera na nembo ya taifa pia. Tanzania na Kenya zote zina sheria zinazolinda alama hizo, na hata kama sheria isingekuwapo, hakuna anayependa kuona bendera yake imejaa alama za viatu. Sura za watu nazo tunashauri zisiwekwe, hasa za viongozi, wazee na watoto. Mwanamitindo wa kampuni anaweza kuwa ametoa ridhaa ya picha yake itumike, lakini mteja anayelazimika kumkanyaga mtu usoni hufadhaika, na wengi hukwepa. Nembo ya kampuni yenyewe ni uamuzi wa mwenye kampuni. Wapo wanaoipenda mlangoni na wapo wanaoona ni dharau.

Kuna na picha za kudanganya macho: shimo, ngazi, maji ya bahari yanayoonekana kuwa na kina. Zinavutia kwenye simu. Kwa mzee, kwa mwenye uoni hafifu au kwa mgonjwa anayepoteza kumbukumbu, duara jeusi sakafuni ni shimo la kweli. Anasita, anaruka, anaanguka. Hospitalini na vituo vya mabasi tunazikataa kabisa. Dukani zikae pembeni, nje ya njia.

Stika ziwekwe wapi?

Mahali ambapo mtu anasimama kuamua: njia panda ya korido, mbele ya lifti, mwanzo wa foleni, pale rafu ya sabuni inapoanza. Tembea njia yote kama mgeni, ukianzia nje. Utaona mwenyewe wapi mguu unapunguza mwendo.

Ziepuke hatua mbili tatu za kwanza baada ya mlango, kwa sababu hapo ndipo maji na mchanga vinapoishia. Usiweke kwenye kingo za ngazi, wala pale eskaleta (ngazi ya umeme) inapomshusha mtu. Anayeshuka hapo hatakiwi kuinamisha kichwa kusoma. Usifunike vigae vyenye vipele vilivyowekwa kwa ajili ya wasioona, vifuniko vya mifereji, wala mistari ya njia ya dharura. Na hakikisha maandishi yanasomeka kwa anayekuja, si kwa anayeondoka. Mafundi hubandika wakiwa wamesimama upande uliowapa nafasi, na mshale unageuka nyuma mbele.

Ukubwa gani, na herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Kwa tangazo, kitu kisichofika sentimita 60 kinapotea chini ya miguu ya watu. Alama za foleni zinatosha zikiwa na sentimita 30 hadi 40. Kwa herufi tunatumia kanuni ya mabango: sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali, kisha tunaongeza, kwa sababu sakafu inatazamwa kwa mshazari na herufi zinaonekana zimebanwa. Maneno yawe machache. Mtu anayetembea hasomi sentensi.

Faili liwe PDF, kwa ukubwa halisi, rangi za CMYK (mfumo wa rangi nne za uchapaji), picha zikiwa na nukta 100 hadi 150 kwa inchi, na ziada ya milimita 5 kila upande. Herufi zigeuzwe kuwa michoro ili zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji. Pembe zote ziviringwe. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka, na ikishanyanyuka dekio linamalizia.

Omba sampuli ndogo iliyokwisha kupigwa lamineshani kabla ya kuidhinisha rangi. Vipele vya lamineshani vinatawanya mwanga: nyeusi inaelekea kijivu na nyekundu inapoa. Wateja wanaolinganisha sakafu na bango la ukutani hukasirika bure, na lingeweza kurekebishwa kwenye faili.

Kuna rangi zinazotakiwa kwa alama za usalama?

Zipo, na zinafuata viwango vya kimataifa vya ISO 3864 na ISO 7010. Nyekundu ni katazo na vifaa vya moto, njano ni tahadhari, bluu ni lazima ufanye, kijani ni njia salama na huduma ya kwanza. Ukitengeneza mshale wa kijani wa kuelekeza kwenye vinywaji, karibu na mlango wa dharura, umeuharibu ujumbe wa usalama. Chagua rangi nyingine.

Mistari ya rangi hospitalini inasaidia kweli?

Inasaidia sana, na ni kazi tunayoipenda. Mtu amemleta mama yake, ana wasiwasi, hajawahi kufika, pengine hasomi vizuri. Kumwambia "fuata mstari wa bluu hadi maabara" kunamtosha. Mistari isizidi minne au mitano, la sivyo korido inakuwa vurugu ya rangi na kila mtu anauliza upya. Kila mstari uwe na alama yake pia, kwa mfano tone la damu la maabara au mfupa wa eksirei, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Anza mstari palepale mapokezi anaposimama mgonjwa, na uufikishe mlangoni. Mstari unaoishia katikati ya korido ni mbaya kuliko kutokuwa nao.

Mwambie mchapaji mapema kwamba sakafu inafutwa kwa klorini kila siku, achague lamineshani inayoistahimili. Mstari mrefu ukatwe vipande vya mita moja au mbili. Kipande kimoja kikiharibika, unabadilisha hicho tu.

Bei inahesabiwaje?

Kwa mita ya mraba, na hesabu ni ya mstatili uliotumika, si ya umbo lililobaki baada ya kukata. Duara linatumia takriban asilimia 78 ya mraba wake. Kinachobaki kinatupwa na umelipia. Upana wa roli ndio unaoamua mengi. Roli nyingi zina sentimita 106, 127, 137 au 152. Duara la sentimita 130 kwenye roli ya 127 linalazimika kuungwa. Likipunguzwa hadi 120 linatoka kipande kimoja, bei inashuka na hakuna kiungo cha kunasa uchafu. Muulize mchapaji ana roli ya upana gani kabla mbunifu hajaanza. Swali hilo moja limeokoa fedha za watu wengi.

Uliza pia kama bei ina usafishaji wa sakafu, kazi ya usiku, na kutoa stika mwishoni. Hicho cha mwisho mara nyingi hakimo.

Kwa nini mchapaji anasema nisubiri siku moja baada ya kuchapa?

Kama anatumia wino wa solventi, yaani wenye kimiminika kinachogeuka mvuke, anakwambia kweli. Wino huo unatoa mvuke wake kwa muda, na unahitaji angalau saa 24, wakati mwingine zaidi kwa rangi nzito. Ukiufunika kwa lamineshani mapema, solventi inashuka kwenye gundi, inailainisha, na pembe zinajikunja ndani ya siku chache. Wino wa lateksi (wa maji, unaokaushwa kwa joto) na wa UV (unaokaushwa kwa mwanga) hauhitaji subira hiyo. Anayekuahidi kazi ya solventi asubuhi hadi jioni anakuuzia matatizo.

Wakati gani mzuri wa kubandika?

Usiku baada ya kufunga, sakafu ikiwa na nafasi ya kukauka na gundi ikiwa na saa kadhaa kabla ya wateja. Kwenye mikoa ya joto jambo la kuangalia ni unyevu. Sakafu iliyopozwa na kiyoyozi mchana kutwa, milango ikafunguliwa usiku hewa ya bahari ikaingia, inaweza kutoa umande mwembamba usiouona. Funga milango, acha kiyoyozi kikifanya kazi, pitisha karatasi kavu uone kama inalowa.

Nyanda za juu tatizo ni baridi. Gundi nyingi hazitaki sakafu iliyo chini ya nyuzi 10, na hata kwenye 12 zinashika kwa uvivu. Julai asubuhi Nairobi au Njombe, subiri jua lipande, na roli za stika zilale ndani ya jengo tangu jana yake.

Inabandikwaje?

Kusafisha ni zaidi ya nusu ya kazi. Fagia, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta. Mgahawani rudia, kwani moshi wa kukaangia chipsi hufika mbali kuliko jikoni. Suuza kwa maji safi. Dawa za sakafu zenye manukato zinaacha ngozi nyembamba, kwa hiyo zisitumike siku hiyo. Sakafu ikikauka kabisa, futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, uiache iyeyuke hewani.

Laza stika mahali pake ikiwa na karatasi yake, ipange na mistari ya marumaru, weka alama kwa tepu ya karatasi. Jicho linaona upotofu wa nusu sentimita karibu na mstari ulionyooka. Bandua karatasi sentimita 10 tu upande mmoja, bandika, kisha mmoja avute karatasi taratibu huku mwingine akisukuma kwa skwiji (kibao cha plastiki cha kukandamizia) iliyovikwa kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni, kila mkupuo ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Usinyunyize maji ya sabuni kama kwenye kioo. Sakafuni maji hayana pa kutokea. Yanabaki chini na kuiua gundi.

Mifereji kati ya marumaru inahitaji uamuzi. Ikiwa myembamba na haina kina, pita juu yake. Ikiwa mipana, stika itaning'inia kama daraja na kisigino kitaitoboa. Kata kwa wembe mpya kufuata mfereji, kisha ukandamize kingo zote mbili zishike marumaru. Mkono uwe mwepesi, wembe usikwaruze. Kiputo kilichobaki kitobolewe kwa sindano na kusukumwa. Kisu kinaacha jeraha litakalofunguka. Mwisho pitisha rola zito juu ya yote, na kingo uzirudie kwa nguvu zaidi. Gundi hizi hushika kwa mgandamizo, na huendelea kukaza kwa takriban saa 24.

Wahudumu wa usafi wafanye nini?

Waambiwe. Mara nyingi ndio wasiopewa taarifa, kisha wanalaumiwa. Saa 24 za kwanza wasipige deki juu ya stika. Baada ya hapo dekio lililokamuliwa vizuri na sabuni laini vinatosha. Mashine ya kusugua yenye brashi ngumu ipite pembeni. Polishi isipakwe kamwe juu ya stika: inaziba vipele, na kile ulicholipia kisiteleze kinaanza kuteleza. Wakiona pembe imenyanyuka watoe taarifa siku hiyohiyo. Wasiibandike kwa gundi ya viatu.

Inadumu muda gani?

Kwa promosheni panga mwezi mmoja hadi mitatu. Alama za kuelekeza, ndani, penye watu wa wastani, zinaweza kufika miezi sita hadi mwaka. Adui mkubwa Pwani ni mchanga: unaingia na viatu na kusaga lamineshani kila hatua. Mkeka mzuri mlangoni unaongeza uhai wa stika kuliko bidhaa yoyote ya bei ghali. Panapopigwa na jua kupitia kioo, rangi hupauka mapema, nyekundu na njano zikitangulia.

Ghalani kuna foklifti. Itahimili?

Kwenye njia za watu, ndiyo. Pale foklifti zinapokata kona au paleti zinapoburutwa, hapana. Gurudumu likizunguka papo hapo linang'oa chochote kilichobandikwa. Huko tumia rangi ya epoksi, na stika ziwe za alama za waenda kwa miguu tu.

Na nje, juu ya kabro au lami?

Vinaili ya kawaida haishiki uso wenye makwaruzo na mashimo. Kuna stika za karatasi ya alumini zenye vipele, zinazogongwagongwa hadi zifuate kila bonde la lami au zege. Kwenye kabro au pevingi bado mifereji ni mingi, kwa hiyo chagua mchoro unaovumilia mikato. Uso wenye mafuta ya magari usafishwe vizuri au uachwe.

Nahitaji kibali?

Ndani ya eneo ulilopanga, soma mkataba wa pango na upate idhini ya mwenye jengo kwa maandishi. Ndani ya jengo kubwa la maduka, korido si yako hata kama iko mbele ya mlango wako. Nje kwenye njia ya umma, wasiliana na halmashauri au kaunti kabla, kwa kuwa tangazo la barabarani lina ada na masharti yake. Mji Mkongwe, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji.

Inatolewaje bila kuharibu sakafu?

Mapema. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliposhauri watu wakae angalau mita 1 mbali, maduka na benki zilibandika duara kwa haraka, na nyingi ziliachwa hadi zikachakaa zenyewe. Marumaru zilizobaki na pete za gundi nyeusi ni matokeo ya hilo: gundi iliyopitiliza muda wake hukauka na kuganda.

Pasha pembe kwa hewa ya moto hadi iwe vuguvugu, kisha uvute taratibu ukiirudisha nyuma huku ikilala karibu na sakafu. Ukiivuta kwenda juu kwa pupa, vinaili inakatika na gundi inabaki. Masalia yafutwe kwa kiondoa gundi cha machungwa au spiriti ya rangi, ukitumia kikwaruzo cha plastiki. Jaribu kwanza kona isiyoonekana. Tina (ya kuchanganyia rangi) inaharibu epoksi, PVC na siala ya terazo. Petroli usiitumie ndani ya jengo kwa sababu yoyote ile. Mafuta ya taa yanatoa gundi, lakini yanaacha utelezi. Ukiyatumia, osha kwa sabuni ya kukata mafuta mara mbili, kausha, na usifungue mlango kwa wateja kabla hujapita hapo mwenyewe kwa viatu.

Piga picha sakafu kabla ya kubandika na baada ya kutoa, zikiwa na tarehe. Siku ya kurudisha funguo kwa mwenye jengo, picha hizo ndizo zinazoamua nani anarudishiwa amana.